Kifua si Titi: Vihatarishi vya Saratani ya Matiti kwa Wanawake wa Kigombe



Nianze na la mtaani: kwamba saratani huletwa na hela au simu inayowekwa kwenye sidiria. Si kweli. Ugonjwa huu ni wa kale kuliko sidiria yenyewe.

Kihatarishi cha kwanza ni kuwa mwanamke, cha pili ni umri kusonga. Shirika la Afya Duniani linasema takriban nusu ya wanawake wanaougua hawana kingine kinachojulikana zaidi ya hivyo viwili. Kwa hiyo "kwetu hakuna ugonjwa huo" si kinga. Ni kweli, mwenye mama, dada au binti aliyeugua yuko kwenye hatari zaidi, ila saratani zinazotokana na jeni za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100.

Kisha kuna homoni ya estrojeni. Aliyevunja ungo kabla ya miaka 12, aliyekoma hedhi baada ya 55, asiyezaa, au aliyezaa mara ya kwanza baada ya 30, titi lake limekaa na homoni hiyo kwa muda mrefu zaidi. Hapa Kigombe ina akiba yake. Mwaka 2002 watafiti waliunganisha tafiti 47 za nchi 30, wakaona kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, mbali na nafuu inayoletwa na kila uzazi. Mama aliyenyonyesha watoto watano, kila mmoja miaka miwili, amejiwekea kinga ya maana. Lakini kinga hiyo si hirizi. Hupunguza hatari, haiiondoi. Na mabinti zetu walioko Tanga mjini na Dar es Salaam wanazaa wawili na kurudi kazini mapema.

Unene ni mgumu kuusema, maana huku mwanamke akinenepa tunasema katunzwa. Baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwili ndiyo hutengeneza estrojeni. Pombe nayo imo, na tembo la mnazi halina msamaha.

Vidonge vya uzazi wa mpango huongeza hatari kidogo, nayo hupungua baada ya kuviacha. Anayeviogopa akazungumze na nesi, asivitupe tu.

Sasa nije kwenye linalonikera. Tathmini ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa takriban wagonjwa 80 katika kila 100 nchini hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauumi, na kisichouma tunakiacha. Halafu kuna haya. Mwanamke akifika zahanati husema "kifua". Neno hilo likiandikwa kwenye daftari, dawa inayotoka ni ya kikohozi. Tuseme titi, au ziwa kama walivyosema wazee.

Dalili nyingine tunayo sokoni: ngozi ya titi ikibonyea vitundu kama ganda la chungwa la Muheza, usingoje. Vivyo hivyo chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, na tezi ya kwapani isiyopungua. Anayepata hedhi ajipapase siku chache baada ya kumaliza, matiti yakiwa laini, sabuni ikiwa mkononi. Nani amfundishe mwari? Somo wake. Tayari anamfundisha mambo ya mwili ambayo mimi siwezi kuyasema mbele ya hadhara hii.

Kutoka hapa hadi Hospitali ya Bombo, Tanga mjini, ni nauli ya daladala. Anayepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anahitaji basi, mahali pa kulala na mtu wa kubaki na watoto. Naomba kikao cha mchana kianzie hapo: vikoba vyetu vinatenga fungu la misiba, je, la nauli ya mgonjwa litatengwa lini, na litashikwa na nani?