USALAMA KATIKA CHUMBA CHA SAYANSI
Maneno ya mazungumzo kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Leo nataka kusema juu ya usalama katika chumba cha sayansi, ambacho siku hizi huitwa maabara. Najua wapo wazazi watakaosema, "Hayo ni mambo ya mwalimu na wanafunzi wake, mimi yanihusu nini?" Yanakuhusu, ewe mzazi, kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto ni wako, na jicho likiharibika kwa asidi halinunuliwi dukani. Pili, desturi anayojifunza mtoto mbele ya meza ya maabara ndiyo hiyo hiyo itakayomlinda jikoni, gereji na kiwandani. Nasi wa bara hii ya Mombasa tunaishi karibu na bandari, viwanda na matangi ya mafuta, basi elimu hiyo twaihitaji sana.

Miaka ya nyuma majaribio ya kemia yalikuwa kazi ya shule za sekondari, zilizokuwa na chumba chake, bomba lake na kabati lake. Tangu Januari 2023 mambo yamebadilika. Wanafunzi wa Gredi ya 7, na baada yao wa Gredi ya 8 na ya 9, wanasoma sekondari msingi, na nyingi ya shule hizo zimo katika viwanja vya shule za msingi ambazo hazikujengwa kwa kazi hiyo. Basi mtoto wa miaka 12 au 13 huweza kufanya jaribio la moto au la asidi katika darasa la kawaida, juu ya dawati lile lile analoandikia. Sisemi somo liachwe. Somo la sayansi bila majaribio ni kama kufundisha kuogelea ubaoni. Nasema ya kwamba chumba kikipungukiwa na vifaa, matayarisho hayana budi kuzidi.

Tuanze na maji. Kila jaribio la moto au asidi lataka maji yawepo karibu kabla halijaanza. Hapa petu wote twajua habari ya mifereji. Maji ya Changamwe hutoka mbali, chemchemi za Mzima. Ya Kisauni hutoka Baricho, karibu na mto Sabaki. Na Likoni hutegemea visima vya Tiwi. Siku nyingine mfereji hufunguliwa ukatoa hewa tupu. Kwa hiyo shule isitegemee bomba peke yake. Liwekwe pipa safi lenye maji, na kata yake, na mwalimu alitazame kila asubuhi. Kando yake iwekwe ndoo ya mchanga mkavu, kwa kuwa mafuta yanayowaka hayazimwi kwa maji. Mafuta huelea juu ya maji na kuupeleka moto mbali zaidi. Pipa likiwa tupu, jaribio la siku hiyo liahirishwe. Kuahirisha somo kwa siku moja si aibu.

Jambo la pili ni moto. Taa ya Bunsen ina tundu la hewa chini yake. Tundu likifungwa, mwali huwa wa manjano, nao waonekana wazi. Likifunguliwa, mwali huwa wa buluu, mkali sana, na katika chumba chenye mwanga mwingi huenda mtu asiuone kabisa. Kwa hiyo taa ikiachwa kidogo bila kutumiwa, mwali urudishwe kuwa wa manjano. Wakati wa kuwasha, kiberiti huwashwa kwanza, kisha gesi hufunguliwa. Gesi ya mtungi tunayopikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, bali hutambaa sakafuni na kukusanyika mahali pa chini. Ukisikia harufu yake usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya umeme. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, kisha watu watoke nje.

Hatari iliyo kubwa zaidi ya gesi ni spiriti. Mwanafunzi akitaka kuona wanga katika jani, kwanza hulichovya jani katika maji yanayochemka, kisha hulichemsha katika spiriti ili kuondoa rangi ya kijani, mwisho hulitia matone ya iodini. Jaribio hili ni zuri na rahisi, na jani la mpapai lafaa. Lakini spiriti huchemka kwenye joto la digrii 78 tu, hali maji huchemka kwenye digrii 100, na mvuke wa spiriti hushika moto upesi. Mwanafunzi akiiweka neli ya spiriti juu ya mwali, atauona moto mbele ya uso wake. Njia iliyo salama ni hii: chemsha maji, zima moto kabisa, kisha isimamishe neli ya spiriti ndani ya maji hayo ya moto. Joto la maji latosha kuichemsha spiriti, na hakuna mwali wa kuuwasha mvuke. Tena mtu asimimine spiriti katika taa inayowaka, hata kama anaona imebaki kidogo tu.

Jambo la tatu ni asidi. Asidi ya salfa iliyo kali, ambayo ikichanganywa na maji ndiyo asidi ya betri za magari, huwa na joto jingi sana inapokutana na maji. Ukimimina maji juu ya asidi, maji yaliyo mepesi hukaa juu, huchemka papo hapo, na kuirusha asidi usoni. Ukiimimina asidi polepole katika maji mengi huku ukikoroga, joto huenea katika maji na hakuna dhara. Basi wanafunzi waikariri kanuni hii mpaka waijue kama majina yao: asidi huingia majini; maji hayaingii katika asidi. Fundi wa betri njiani naye aijue, maana kazi yake ni hiyo hiyo.

Jambo la nne ni mdomo na mikono. Hakuna kitu cha maabara kinachoonjwa. Haliliwi andazi humo wala hainywewi soda, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kutoka. Kama mwalimu ameruhusu kunusa, mwanafunzi asipeleke pua kwenye mdomo wa chupa. Auvute mvuke kidogo kwa kupunga mkono. Iko desturi nyingine mbaya, nayo ni kuvuta dawa katika pipeti kwa mdomo, kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija. Mwanafunzi akivuta mara mbili salama hudhani ya tatu nayo itakuwa salama. Kifyonzi cha mpira cha kuvutia dawa si ghali, na shule ikinunua vichache wanafunzi waweza kupokezana.

Jambo la tano ni mavazi. Nywele ndefu zifungwe. Wasichana wanaovaa mtandio wautie ncha zake ndani ya vazi, wala mikono mipana ya nguo isining'inie juu ya mwali. Nguo za nailoni na poliesta huyeyuka zinapowaka na kugandamana na ngozi, na kwa hiyo koti la pamba ni bora. Wakubwa nao hawakusalimika kwa kudharau jambo hili. Mwezi Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, Marekani, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 alikuwa akivuta kwa sindano dawa inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Dawa ilimwagika, sweta yake ikashika moto, naye hakuwa amevaa koti la maabara. Alikufa kwa majeraha yake mwezi wa Januari 2009. Chuo kile kilikuwa na fedha na wataalamu wengi.  Lakini yeye siku ile hakuvaa koti.

Na ajali ikitokea, tufanye nini? Aliyeungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi ya kutiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi, majivu na yai bichi visipakwe, kwani huzuia joto kutoka na huleta uchafu katika kidonda. Aliyeingiwa na dawa jichoni, jicho lifunuliwe kwa vidole na kuoshwa kwa maji safi mengi kwa muda huo huo, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema amepona. Nguo ikishika moto, mwenye nguo asikimbie, maana upepo huuchochea moto. Alale chini na kujiviringisha, na wenzake wamfunike kwa blanketi la sufu au la pamba nzito. Aliyemeza asidi au mafuta ya taa asilazimishwe kutapika, kwa kuwa asidi itamchoma koo mara ya pili, na mafuta huweza kuingia mapafuni. Apelekwe kwa daktari pamoja na chupa yenyewe.

Sasa nirudi kwa yule mzazi aliyeuliza yamhusu nini. Upande wa Mikindani, si mbali na Changamwe, kiko kijiji cha Owino Uhuru. Kando yake kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, kikafanya kazi kwa miaka kadhaa mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na vumbi la risasi viliingia katika nyumba, udongo na maji ya watu. Risasi ni sumu isiyotoa onyo: kiasi kinachomdhuru mtoto hakimwashi mkono wala hakimchomi jicho, bali huingia mwilini kidogo kidogo na kuharibu ubongo wake. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mchanga alikutwa na risasi mwilini, aliongoza wakazi kudai haki, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Lakini fidia haimtoi mtu risasi iliyokwisha kuingia mwilini.

Jambo hilo halikuwa kosa la wanakijiji, wala kunawa mikono peke yake kusingaliwaokoa na moshi wa kiwanda. Hata hivyo liko somo ndani yake. Mtu aliyezoea tangu utotoni kuuliza, "Hii ni dawa gani? Hudhuru vipi? Moshi wake waenda wapi?" huuliza maswali hayo hayo anapoajiriwa kiwandani, au anapoona dohani jipya likisimama karibu na nyumba yake. Akitoka kazini hubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Akiona pembe nne zenye mstari mwekundu na picha ya fuvu, au ya mwali, au ya kimiminiko kinachokula mkono, hutambua maana yake, kwani alama hizo ni za nchi nyingi duniani, na hubandikwa kwenye chupa ya maabara kama zinavyobandikwa kwenye mapipa yanayopita bandarini Kilindini.

Nyumbani vilevile. Ni watoto wangapi huinua chupa ya soda wakidhani ina soda, kumbe imetiwa mafuta ya taa au asidi? Katika maabara chupa isiyo na cheti haifunguliwi, na dawa haihamishwi kuwekwa katika chupa ya kinywaji. Sheria hiyo na iwe ya kila nyumba. Tena dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, kwa maana mbili hizo zikikutana hutoa gesi ya klorini, inayoziba pumzi.

Mabibi na mabwana, siku ya mkutano wa wazazi mkiitwa shuleni, msiulize habari za karo na alama za mtihani tu. Ombeni mwonyeshwe mahali watoto wanapofanyia majaribio, mkaulize maswali manne. Maji yako wapi mfereji ukikauka? Ufunguo wa kabati la dawa hushikwa na nani? Mlango hufunguka upande gani, na je, watoto wote waweza kutoka upesi? Dawa zilizokwisha kutumiwa humwagwa wapi? Mwalimu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Atafurahi kupata mwenzi. Na ikiwa jibu ni kwamba hakuna pipa, wala mchanga, wala miwani ya kukinga macho, basi msimlaumu mwalimu peke yake. Pipa moja na ndoo mbili si mzigo mkubwa kwa wazazi wa darasa zima.

Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba mwanasayansi hodari hajulikani kwa ushujaa wa kushika kitu cha hatari. Hujulikana kwa kusoma cheti kabla ya kufungua chupa, na kwa kuiacha meza yake safi. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.