Ukimpigia Mtu Debe, Umetoa Ushahidi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na swahaba zake. Ama baad.

Mwezi huu tumefunga matumbo, lakini je, ndimi zetu? Leo nataka tuangalie jambo moja la ulimi: kumsifu mtu mbele ya watu kwamba anafaa kuongoza, kisha ukaja kujuta.

Sisi wa huku Mlimani tumeliona kwa macho. Uhuru Kenyatta aliahidi hadharani kwamba akimaliza miaka yake kumi atamuunga mkono William Ruto naye aongoze kumi. Lakini tarehe 23 Februari 2022, katika Ikulu ndogo ya Sagana, aliwataka watu wa Mlima Kenya wamfuate Raila Odinga. Wengi hawakumsikiliza. Rigathi Gachagua, wakati huo mbunge wa Mathira, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kumnadi Ruto kwetu, na akawa naibu wake. Tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumng'oa, na Seneti ikathibitisha tarehe 17. Tangu hapo amekuwa akimpinga yule yule aliyemnadi.

Je, kubadili msimamo ni dhambi? La hasha. Ukiona makosa ni wajibu useme. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipopewa ukhalifa aliwataka watu wamsaidie akitenda mema na wamnyooshe akipotoka. Tatizo ni kuwa mara nyingi tunatajiwa makosa ya aliyesifiwa, na ni nadra kusikia kosa la aliyemsifu.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (R.A.). Umar akamuuliza: wewe ni jirani yake? Umesafiri naye? Umefanya naye biashara ya pesa? Kote akajibu hapana. Basi Umar akamwambia kwamba hamjui. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 85, tunafundishwa kwamba anayemsemea mtu ana fungu lake, liwe la kheri au la shari.

Ndugu yangu, usiwacheke wanasiasa. Mwaka 2022 mimi mwenyewe nilimpigia debe mgombea mmoja. Nilimwambia mama mmoja anayeuza nyanya sokoni, "Mama, huyu namjua, mpe kura." Nilimjua wapi? Kwenye mabango tu! Alipochaguliwa hatukumuona tena. Yule mama aliponiuliza, nilicheka nikapita njia.

Madrasa tumesomeshwa masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia. Na ikiwa limegusa haki ya mja, umwendee mwenyewe. Sharti hili la mwisho ndilo zito. Kumlaumu kiongozi barazani ni rahisi. Kumwambia mama wa nyanya, "Nilikupa ushahidi nisiokuwa nao, nisamehe," si rahisi. Nimeazimia kumwendea kabla ya Idd, inshaallah.

Debe za 2027 zimeshaanza kupigwa. Kabla hujashika kipaza sauti, jiulize maswali ya Umar. Na kama ulishakosea, warudie wale wale uliowaambia.

Allah atutakabalie swaumu zetu na azihifadhi ndimi zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.