Mama Aliuliza Kituo cha Daladala

Maneno yaliyosemwa kwenye sherehe yetu ya Uhuru, Desemba 9

Nimepewa dakika tano, na pilau linapoa.

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Temeke, siku ya tatu tu akaniuliza kituo cha daladala kiko wapi. Sisi tunakaa Arlington, mji mkubwa kati ya Dallas na Fort Worth, na hauna mabasi ya kawaida yenye njia na vituo. Kuna vigari vya kuita kwa simu, lakini mama hajui Kiingereza. Akakaa ndani miezi mitatu. Mtu aliyekuwa anakwenda sokoni mwenyewe na kugombana na makonda, akawa ananingoja dirishani kama mtoto wa chekechea.

Dallas kuna treni na mabasi ya DART, jina lile lile la wenye mwendokasi wetu wa Dar. Ila ukitoka kwenye njia zake, bila gari hutoki.

Mnaijua I-345, ile barabara ya juu inayopita mashariki mwa katikati ya Dallas. Haifiki hata maili mbili. Ilijengwa ikaitenga Deep Ellum, mtaa wa watu weusi waliotoka utumwani, uliokuwa na sifa ya muziki wa bluzi na jazi. Mwaka 2023 baraza la jiji liliunga mkono mpango wa jimbo wa kuibomoa na kuipitisha chini ya usawa wa mitaa. Houston nako, Pierce Elevated ya mwaka 1967 imo kwenye mpango wa kuondolewa. Katy Freeway wao waliipanua, mpaka mahali pengine ina njia 26 ukihesabu za pembeni. Ndugu wa Houston mtuambie kama foleni imekwisha.

Siwacheki. Flaiova ya TAZARA ilipofunguliwa 2018, nami nilituma picha kwenye kila grupu. Foleni ya pale ilikuwa adhabu. Sikumuuliza mtu yeyote anayetembea kwa miguu anavukia wapi.

Kamati imeweka daftari mezani, karibu na mlango. Mwenye mzazi nyumbani aandike mtaa anaokaa; mwenye siti tupu Jumamosi aandike simu yake. Mama anarudi Machi. Mimi nimeshajiandika pande zote mbili.