Umeme wa Skrini Ndogo ya Kompyuta ya Nyumbani



Skrini ndogo ya LCD huunganishwa kwa nyaya mbili: mmoja huleta picha kutoka kwenye kompyuta, wa pili huleta umeme. Wa picha ukikosewa, kioo hubaki cheusi tu. Wa umeme ukikosewa, skrini huungua, na fedha za mauzo ya mahindi zimepotea.

Kabla ya kuchomeka, tunawaomba msome kibandiko cha nyuma. Kikionyesha volti 12 na ampea 2, skrini inahitaji hadi wati 24, ilhali tundu la USB 2.0 hutoa wati 2.5 tu. Adapta iwe ya volti zile zile, ampea zisipungue, chanya na hasi zisibadilishane.

Kwa wenzetu wa Laela na Mpui wanaotumia sola: betri iitwayo ya volti 12 hupita volti 14 inapochajiwa mchana. Muuzaji akisema tofauti hiyo ni ndogo, msimsikilize. Wekeni kifaa cha kutuliza volti zibaki 12, pamoja na fyuzi karibu na betri.

Radi ikianza, chomoeni nyaya zote mbili. Risiti itunzwe; bila hiyo malalamiko yenu ni vigumu kuyafuatilia.