Idjwi: kabla ya kupanda, tuchunge miti-mama



Nianze na mti mumoja munaujua wote: ule wa miiba na maua mekundu, Erythrina, jirani zetu Wanyarwanda wanauita umuko. Mwezi wa saba jua ikiwa kali, unaangusha majani yote. Mtu wa mjini anasema umekufa, leta panga. Haukufa! Maji ya mti inapotelea kwenye majani, basi unayaachilia, na ganda lake nene linakinga shina. Tena unatoa maua ukiwa uchi hivyo hivyo.

Fikasi ya kwenye uzio inafanya ingine: inabaki kijani, juu mizizi yake inashuka mbali.

Lakini mti haukimbii. Kuzoea hali mpya kunapitia kwenye mbegu: kati ya miche mingi, ile yenye kuvumilia ukame ndiyo inabaki na kuzaa ingine. Ni kazi ya miaka makumi, na hali ya hewa inageuka ndani ya maisha ya mtu mumoja. Siye tunakata miti-mama kwa mbao na makala, na mbegu zake zinaenda nayo.

Mutasema tulipanda. Tulipanda nini? Kalitusi, mti wa Australia. Siupigi vita: unakua mbio, umelipia watoto wengi minervali. Lakini ukiupanda kwenye chemchemi, chemchemi inakauka, na maharagwe chini yake haitoki vizuri.

Na musifikiri mvua inapungua tu. Inachelewa, kisha inashuka yote mara moja. Mwezi wa tano 2023, kule Kalehe ngambo ya Idjwi, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na maji na matope. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mlima bila mizizi haushikiki.

Najua swali lenu: mwenye shamba asipokata, atakula nini? Ni swali ya kweli, na kumutukana siyo jibu. Tumuombe abakishe miti miwili, mitatu, tumununulie mbegu. Tupande hizo mwezi wa tisa, mvua ikirudi, ndani ya kahawa na kando ya mito.

Mwenye kuwa na nafasi kwenye mtumbwi Jumamosi aniambie.