Klorini, dirisha na pumzi

Ile harufu kali inayokupokea mlangoni mwa pisini ya ndani si dalili ya usafi. Klorini ikikutana na jasho na mkojo wa waogeleaji huzaa gesi iitwayo trikloramini. Gesi hiyo hutanda juu ya maji, pale pale mtoto anapovuta pumzi, ikamwasha macho na kumbana kifua. Mwaka 2003, Alfred Bernard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, waliihusisha hewa hiyo na pumu ya watoto wa shule.

Hapa Lubumbashi pisini nyingi ziko wazi, na upepo hutusaidia. Lakini mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo Juni na Julai baridi ya asubuhi inatufanya tufunge kila dirisha, na hapo hatari inahamia msalani. Mtu anamwaga javeli, yale maji ya klorini ya kusafishia, anaongeza asidi ya kusafishia choo, mlango umefungwa. Inatoka klorini yenyewe, gesi iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1915!

Javeli tunaihitaji, maana kipindupindu hakijatuacha Katanga. Naomba tu isichanganywe na dawa nyingine hata kidogo, na dirisha lifunguliwe kwanza. Wenye pisini za ndani waweke feni za kutoa hewa nje, na kila mwogeleaji aoge kwa sabuni kabla ya kuingia majini. Anayekohoa asilazimishwe kuendelea. Atolewe nje mara moja.