Mita moja tuipate wapi?
Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Uvira



Mwezi wa tatu 2020, Raisi alipotangaza hali ya dharura tarehe 24, tulizunguka na megafoni: "Simameni mita moja-moja!" Watu waliitika ndiyo, kisha wakarudi kubanana kwenye robine ya maji. Ndani ya ripoti tukaandika: watu wana kichwa ngumu.

Mama mmoja akatuuliza: "Ninyi muko saba ndani ya jipu moja, mita yenu muliiacha wapi?" Kwa kweli jibu hatukuwa nalo.

Kupeana mkono waliacha haraka, maana habari za Ebola ya Beni walizisikia. Kilichowashinda ni matanga, ambayo Serikali ilikataza kufanyia nyumbani. Mtu amerudi toka kambini, akose wa kumzika? Si ndiyo sababu chama hiki kiliundwa? Halafu Aprili Mulongwe ikafurika, nyumba zikaenda, jamaa tatu zikalala chumba kimoja. Mita gani tena?

Ile ripoti tumeiandika upya. Tunaomba bidoni na sabuni kwa kila robine. Kwenye mazishi wataenda wachache, wengine watatuma mchango. Hilo la mwisho wazee wenyewe ndio walileta, si sisi.